Saa Mkononi, Mawazo Kichwani: Vifaa vya Kuvaliwa Vinaweza Nini Katika Afya ya Akili?

Katika kitivo chetu tumezoea kuuliza neno lina maana gani. Safari hii nauliza namba ina maana gani.

Wanafunzi wengi hapa Lubumbashi wanavaa saa au bangili za kielektroniki zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na muda wa usingizi. Nyingine zinaonyesha pia namba iliyopewa jina la « stress ». Asubuhi ni 30, jioni baada ya mtihani ni 80. Mwenye saa anaitazama, anaamini kwamba imemwambia kitu juu ya hali ya moyo wake, kisha anaendelea na shughuli zake. Wakati huohuo, katika nchi za mbali na sasa hata katika Afrika Mashariki, madaktari na watafiti wanachunguza kama vifaa vya namna hiyo vinaweza kuwasaidia watu wenye magonjwa ya akili. Swali langu ni hili: kifaa kinachovaliwa mkononi kinaweza kujua nini juu ya mtu anayeteseka, na katika mji kama wetu kingefaa kitumiwe namna gani?

Huenda msomaji akashangaa kulikuta swali hilo katika jarida la lugha badala ya jarida la tiba. Nimelileta hapa kwa sababu, kadiri nilivyosoma juu ya vifaa hivi, niliona kwamba vyote vinafika mahali fulani na kusimama. Mahali hapo mtu lazima aulizwe, ajibu, na aeleweke. Hiyo ni kazi ya lugha, na kwa Kiswahili cha Lubumbashi kazi hiyo bado kwa sehemu kubwa inasubiri watu wa kuifanya.

Saa inapima nini hasa

Ukiigeuza saa ya namna hiyo utaona taa ndogo za kijani zinazometameta. Damu inafyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu inaongezeka kidogo katika mishipa midogo ya mkono na mwanga unaorudi kwenye saa unapungua. Kati ya pigo na pigo damu inapungua na mwanga unaorudi unaongezeka. Kihisi kilichoko kando ya taa kinafuatilia mabadiliko hayo, na programu inayageuza kuwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kanuni yenyewe ni ya zamani: mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Alrick Hertzman, aliieleza katika miaka ya 1930.

Kihisi cha pili ni kipima mwendo. Hiki kinajua mkono umesogea upande gani na kwa nguvu gani. Kutokana nacho saa inahesabu hatua na kukisia kama umelala. Baadhi ya vifaa vina kihisi cha tatu, kinachopima namna umeme mdogo sana unavyopita katika ngozi. Ngozi yenye jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na tezi za jasho za mikononi huamka mtu anapoogopa, anapofurahi au anaposhtuka.

Namba ya « stress » kwa kawaida inatoka kwenye tofauti ndogo za muda kati ya pigo moja la moyo na lingine. Moyo uliotulia haupigi kwa mpango mmoja kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Mwili unapojiandaa kukimbia au kupigana, tofauti hizo zinapungua. Programu inalinganisha hali ya sasa na hali yako ya siku zilizopita, halafu inakuandikia namba.

Hapo ndipo tahadhari ya kwanza inapohitajika. Alama hiyohiyo ya mwili inaweza kutokana na homa ya malaria, vikombe viwili vya kahawa, lutuku ya jana usiku, ngazi za jengo refu, au habari njema kutoka kwa mchumba. Saa inaona kwamba mwili umeamka. Sababu iliyouamsha haiioni. Kwa hiyo neno « stress » lililoandikwa kwenye kioo ni tafsiri iliyochaguliwa na mtengenezaji, na sisi tunaojifunza tafsiri tunajua kwamba kila tafsiri inaweza kuhojiwa.

Wazo la zamani: neno na ngozi

Watu hawakuanza juzi kutafuta habari za moyo katika ngozi. Mwaka 1888, Mfaransa Charles Féré alionyesha kwamba hali ya umeme ya ngozi inabadilika mtu anapopata harufu, sauti au jambo lingine la kumgusa. Karibu miaka 20 baadaye, katika hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, Carl Gustav Jung alilitumia jambo hilo kwa namna ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipita bila kusimama.

Jung alimsomea mtu orodha ya maneno, moja baada ya jingine. Kwa kila neno, mtu alitakiwa kujibu kwa neno la kwanza lililomjia. Jung alipima muda uliopita kabla ya jibu, na pamoja na mwenzake Frederick Peterson akapima pia umeme wa ngozi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1907. Maneno mengi yalipita bila kishindo. Lakini neno fulani, labda la kawaida kabisa kwa mtu mwingine, lilimfanya huyu achelewe kujibu na sindano ya chombo ikaruka. Hapo Jung alijua kwamba neno hilo limegusa kitu.

Tuangalie mgawanyo wa kazi katika jaribio hilo. Chombo kilisema kwamba kuna jambo. Neno lilisema jambo liko upande gani. Kisha mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa ndiyo yaliyotafuta ni jambo gani. Saa za leo zimechukua kazi ya kwanza na kuifanya vizuri kuliko chombo cha Jung, tena mchana na usiku, nje ya hospitali. Kazi ya pili na ya tatu zimebaki palepale zilipokuwa.

Mtu aliyeliingiza wazo hilo katika kompyuta ni Rosalind Picard wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye mwaka 1997 alitoa kitabu juu ya kompyuta zinazotambua hisia. Baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Empatica. Bangili yao iitwayo Embrace ilikubaliwa mwaka 2018 na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kwa ajili ya watu wenye kifafa: inaunganisha mwendo wa mkono na umeme wa ngozi, na ikitambua dalili za degedege inatuma taarifa kwa mtu aliyechaguliwa. Kwetu habari hiyo si ya mbali, kwa kuwa katika Kongo watu wenye kifafa mara nyingi hutunzwa katika vituo vilevile vinavyotunza magonjwa ya akili.

Mahali ambapo vifaa vinasaidia

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ndoto mbaya. Mwezi wa Novemba 2020, FDA iliruhusu mfumo uitwao NightWare kwa watu wazima wanaosumbuliwa na majinamizi, hasa baada ya vita au tukio la kutisha. Mgonjwa analala na saa mkononi. Mfumo unajifunza namna moyo wake unavyopiga na anavyojigeuza akiwa usingizini. Dalili za jinamizi zikianza, saa inatetemeka kidogo, kiasi cha kuikata ndoto bila kumwamsha mtu kabisa. Kifaa hicho kinafanya kitendo kimoja kidogo kwa wakati unaofaa, na mamlaka ilisema wazi kwamba hakichukui nafasi ya matibabu mengine. Ukifikiria idadi ya watu wa mashariki ya nchi yetu walioona mambo ambayo hakuna mtu angepaswa kuyaona, utaelewa kwa nini mfano huu ulinigusa.

Mfano wa pili ni wa ugonjwa ambao mtu anapanda na kushuka: kwa majuma fulani ana nguvu kupita kiasi, anaongea bila kupumzika, anatumia fedha ovyo, halafu anazama katika huzuni nzito. Madaktari wanajua kwamba kabla ya kupanda, usingizi mara nyingi unapungua bila mgonjwa kuona kwamba kuna shida, kwa sababu anajisikia vizuri. Kumbukumbu ya mwendo na usingizi ya siku nyingi inaweza kuonyesha badiliko hilo mapema, kabla familia haijaanza kukimbizana naye barabarani. Kifaa hapa kinafaa kwa sababu kinamlinganisha mtu na yeye mwenyewe.

Mfano wa tatu unatoka kwa madaktari wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Srijan Sen na wenzake wamefuatilia kwa miaka mingi madaktari vijana wa Marekani katika mwaka wao wa kwanza wa kazi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, madaktari wenye dalili za kutosha za sonona walikuwa karibu 4 katika kila 100 kabla ya mwaka huo kuanza. Katikati ya mwaka wa kazi walifika karibu 26 katika kila 100. Baadaye walivalishwa bangili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, wa madaktari zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba hesabu ya saa za kulala haitoshi: waliokuwa wakilala na kuamka kwa nyakati zinazobadilikabadilika walikuwa na hali mbaya zaidi ya moyo.

Wazo hilo limefika jirani kwetu. Mwaka 2021 ulianza mradi wa UZIMA-DS, unaounganisha Chuo Kikuu cha Aga Khan cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Michigan, kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Sehemu moja ya mradi huo inahusu afya ya akili: kuona kama habari kutoka kwenye simu na bangili, pamoja na maswali ambayo mtu anayajibu mwenyewe, zinaweza kusaidia kutambua mapema hatari ya sonona, wakiwamo wafanyakazi wa afya. Naomba msomaji ashike maneno haya: pamoja na maswali. Watafiti hawakuiachia bangili kazi yote.

Mahali ambapo vinapotosha

Udhaifu wa kwanza unahusu usingizi, nao ni mkubwa kwa wagonjwa wetu. Kwa hospitali, kipimo cha uhakika cha usingizi kinahitaji waya kichwani zinazosoma umeme wa ubongo. Saa haina waya hizo. Inatumia mwendo na mapigo. Mtu akilala kimya kitandani, macho wazi, akiwaza deni, msiba au karo, saa inaweza kuandika kwamba amelala. Yaani kosa la saa linaangukia hasa juu ya yule asiyepata usingizi kwa sababu ya mawazo. Asubuhi anasema sikulala, na saa inasema amelala saa 6. Je, tumwamini nani? Daktari mwenye busara atamsikiliza mtu kwanza.

Udhaifu wa pili unahusu rangi ya ngozi na hali ya hewa. Mwaka 2020, madaktari wa Marekani walichapisha matokeo juu ya kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni: upungufu uliofichika kwa kifaa ulionekana kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya wazungu. Kuhusu mapigo ya moyo kwenye saa, uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, wa Chuo Kikuu cha Duke, haukukuta tofauti kubwa kati ya rangi za ngozi. Makosa makubwa yalitokea mtu alipokuwa akisogea. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba saa zote haziwafai Waafrika, wala tusikubali bila kuuliza zilijaribiwa kwa nani. Tena baridi inabana mishipa ya mkono na kudhoofisha ishara. Anayeamka alfajiri ya mwezi wa saba hapa Lubumbashi anaelewa ninachosema. Na zile saa za bei ya chini kabisa, nyingine zitakupa mapigo ya moyo hata ukizifunga kwenye ndizi.

Udhaifu wa tatu ni kwamba kipimo chenyewe kinaweza kuongeza wasiwasi. Mwaka 2017, madaktari wa usingizi wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakihangaikia namba za usingizi hata usingizi wenyewe ukaharibika. Mtu mwenye tabia ya kuogopa magonjwa, ukimpa saa inayompigia kelele kila moyo unaposhtuka, umempa sababu ya kuushtua tena.

Udhaifu wa nne ni mzito zaidi. Baadhi ya magonjwa ya akili humfanya mtu aamini kwamba anafuatiliwa, kwamba kuna watu wanasikiliza mawazo yake. Ukimfunga mtu huyo bangili inayotuma habari zake mahali asipopajua, umegeuza hofu yake kuwa kweli. Kwake kifaa hakiwezi kuingia bila maelezo marefu, na akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe.

Mwisho, fedha na sifa haziipi mashine hekima. Thomas Insel aliongoza taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani kuanzia 2002 hadi 2015, kisha akaenda kwenye kampuni za teknolojia. Moja kati ya hizo, Mindstrong, ilitaka kutambua hali ya akili kutokana na namna mtu anavyoandika kwenye simu. Ilifungwa mwaka 2023.

Tukirudi Lubumbashi

Mji wetu una kituo cha magonjwa ya akili kinachoitwa kwa jina la Joseph Guislain, daktari Mbelgiji wa Gent aliyeishi kati ya 1797 na 1860 na kupigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Shirika la Ndugu wa Karita, lililofanya kazi pamoja naye Ubelgiji, limebeba jina na kazi hiyo hadi kwetu. Bukavu pia wana kituo chao, Sosame. Anayejua vituo vya namna hii anajua kwamba shida ya kwanza haiko kwenye vipimo. Wagonjwa wengi wanafika wakiwa wamechelewa, baada ya kupitia vyumba vya maombi na waganga wa kienyeji, na familia ikiwa imeishiwa fedha. Wauguzi ni wachache, dawa zinalipiwa, na mtu aliyepona anarudi nyumbani akiwa amebandikwa jina.

Katika hali hiyo saa inaweza kufanya nini? Naona nafasi moja iliyo wazi: wakati mgonjwa ametoka hospitali. Miezi ya kwanza nyumbani ni ya hatari, na anayemfuatilia mara nyingi ni mama au dada peke yake. Bangili ya kawaida inayoonyesha kwamba usingizi umepungua kwa siku 4 mfululizo inaweza kumpa dada huyo sababu ya kumpigia muuguzi simu kabla mambo hayajaharibika. Lakini nafasi hiyo inahitaji majibu ya maswali matatu.

La kwanza: nani atapokea simu? Taarifa ambayo hakuna mtu wa kuijibu ni mateso mapya kwa familia. Bangili 50 bila muuguzi mmoja wa zamu hazina faida.

La pili: kifaa kitachajiwa wapi, na intaneti italipwa na nani? Katika mitaa mingi umeme unakuja na kwenda. Kifaa kinachodumu siku 10 kwa chaji moja kina maana kwetu kuliko kile chenye kioo kizuri kinachokufa kila jioni. Betri za vifaa hivi mara nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Madini yetu yanapita mbali kabla ya kurudi mkononi mwetu kama saa, na bei yake inapanda njiani.

La tatu: nani ataona habari hizo? Namba za moyo na usingizi za mgonjwa wa akili ni siri yake. Mwajiri akizipata anaweza kumwachisha kazi. Ukoo wa mchumba ukizipata ndoa inaweza kuvunjika. Nchi yetu sasa ina sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Sheria iko, lakini mgonjwa anayebonyeza « nakubali » chini ya kurasa 30 za Kiingereza hajakubali kitu. Ridhaa nayo ni jambo la lugha.

Kazi inayotungojea

Sasa nafika kwenye mahali nilipotaja mwanzoni. Tuseme saa imeonyesha kwamba mtu halali, hatembei tena kama zamani, moyo wake haupumziki. Muuguzi anakaa naye na kumuuliza. Anamuuliza kwa maneno gani?

Dodoso linalotumiwa sana duniani kwa sonona linaitwa PHQ-9. Lilichapishwa mwaka 2001, lina maswali 9 juu ya majuma mawili yaliyopita, na jumla yake inafika 27. Kuna tafsiri za Kiswahili zilizojaribiwa Kenya. Je, tuzichukue kama zilivyo? Tuangalie maneno machache tu. Tanzania wanasema sonona. Kenya utasikia zaidi mfadhaiko. Mwingine ataandika unyogovu. Sijamsikia mtu sokoni Kenya, yaani mtaani kwetu Kenya hapa Lubumbashi, akisema hata moja kati ya hayo matatu. Msongo wa mawazo unaeleweka kwa aliyesoma; wengine wanasema stress, kwa Kifaransa, au wanasema « niko na mawazo mingi ». Afya ya akili nayo ina mtego: akili kwetu ni werevu, na ukimwambia mzazi kwamba mtoto wake ana shida ya akili anaweza kusikia kwamba umemwita mjinga. Hata neno wiki, lililokopwa kutoka Kiingereza, linasikika la kigeni kwa mtu anayeihesabu siku ya posho na siku ya yenga.

Mfano mkali zaidi ni mganga. Pwani, mganga ni mtu wa dawa za kienyeji. Kwetu munganga ni daktari wa hospitali. Tangazo la afya lililoandikwa Dar es Salaam kuwaonya watu wasimkimbilie mganga, likisomwa hapa bila kurekebishwa, linawafukuza wagonjwa hospitalini.

Na roho? Mtu wa hapa anayesema « roho inauma » anaweza kuwa anazungumzia huzuni, chuki, au maumivu ya kifua. Kwa kuwa roho ni neno la kanisani pia, yule anayelisikia anaweza kumwelekeza kwa mchungaji badala ya muuguzi. Neno lililotumiwa mwanzoni linaamua mlango ambao mgonjwa atagonga.

Swali la tisa la dodoso lile linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Watu wachache watatamka kujiua mbele ya mgeni. Watasema « nimechoka ». Nimechoka inaweza kuwa ya mtu aliyetoka shambani, na inaweza kuwa ya mtu anayeaga. Tofauti iko katika sauti, katika kimya kinachofuata, katika yaliyosemwa kabla yake. Saa mkononi mwake haitaitambua.

Waafrika wenzetu wameonyesha njia. Zimbabwe, katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walitunga dodoso kutoka kwa maneno ya Washona wenyewe, badala ya kutafsiri la Ulaya. Neno moja la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, likawa mlango wa kuingilia. Kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alijenga juu ya msingi huo mpango wa Benchi la Urafiki: akina mama wazee waliofundishwa, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya jaribio lao la Harare, lililohusu zahanati 24 na watu 573, yalichapishwa mwaka 2016: waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kilichotumika kilikuwa mti, benchi, na neno sahihi.

« Mawazo mingi » ya Lubumbashi ni ndugu wa kufungisisa. Je, ina mipaka ileile? Inatumiwa na wanaume na wanawake kwa namna moja? Mtu akisema « kichwa inazunguka », anaongeza jambo jipya au anarudia lilelile? Kiswahili chetu kimechunguzwa na wataalamu wakubwa: Edgard Polomé alikieleza katika miaka ya 1960, Walter Schicho aliandika juu ya muundo wa sentensi zake, Johannes Fabian aliyefundisha hapa aliandika historia yake chini ya ukoloni. Sarufi yake inajulikana. Msamiati wake wa mateso unahitaji kukusanywa kwa uangalifu uleule.

Napendekeza basi kazi inayowezekana kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa kushirikiana na wenzetu wa kitivo cha tiba. Kwanza, kukusanya kwa ridhaa maneno ambayo wagonjwa waliopona, familia zao na wauguzi wanayatumia. Pili, kuyapanga kwa maana na kwa uzito wake, pamoja na maneno ya kuepuka. Tatu, kurekebisha dodoso moja kwa Kiswahili cha hapa, kulitafsiri tena kwa Kifaransa na mtu ambaye hajaona la kwanza, na kulinganisha. Nne, kulijaribu mbele ya madaktari kabla halijaenda kwa mgonjwa. Hakuna hatua hata moja inayohitaji mashine ya bei kubwa.

Siku vifaa vya kuvaliwa vitakapofika katika vituo vyetu kwa wingi, na nadhani vitafika, vitakuwa na namba nyingi za kutuambia. Dada yule aliyekaa na mgonjwa nyumbani ataona usingizi umepungua, atachukua simu na kumwita muuguzi. Wakati huo muuguzi awe na swali la kuuliza kwa lugha ya mtu aliye mbele yake, na awe na uhakika kwamba jibu atakalosikia ndilo lililosemwa.